Nyota yako haijaibiwa



Ukishuka kwenye basi pale stendi ya Same, kabla hujapata hata chai, nguzo ya umeme inakusalimia. Imebandikwa karatasi: mtaalamu kutoka mbali, anarudisha mpenzi, anatafutia mtu kazi, anasafisha nyota. Namba ya simu chini. Nguzo inayofuata ina karatasi nyingine, mtaalamu mwingine. Fungua simu yako, ni yale yale, ila huyu wa kwenye simu amevaa suti na ameshika chupa ya mafuta. Naye anasema nyota yako imefunikwa, imefungwa, imeibiwa, na ukituma kiasi fulani itang'aa tena.

Na wanaotuma ni sisi. Nasema "sisi" kwa makusudi. Ni vijana wa kwaya, wa VIWAWA, waliopitia TYCS shuleni, wenye kipaimara na rozari shingoni. Jumapili tunapokea Komunyo, Jumatatu tunamtumia mtu tusiyemjua pesa ili atusafishie nyota.

Mimi si padre. Ni mwalimu wa Kiswahili na mlezi wa vijana parokiani, basi. Kwa hiyo hili si hubiri la altareni, ni tafakari ya dada yenu. Na leo nataka tuzungumze habari za nyota. Siyo hizo za kwenye nguzo, jamani. Zile zenyewe, za juu.

Watu wa Same tunaulalamikia sana mji wetu. Jua kali, upepo wa vumbi, na mvua yote inabaki kule Chome na Shengena, sisi huku chini tunaachiwa mawingu matupu. Lakini ukame huohuo ndio unaotupa anga safi. Toka nje kidogo, barabara ya kwenda Kisiwani: upande mmoja milima ya Upare, upande wa pili Hifadhi ya Mkomazi ambako hakuna taa za mji. Tena tuko digrii 4 tu kusini ya ikweta, maana yake kwa mwaka mzima karibu nyota zote zinazoonekana duniani zinapita mbele ya macho yetu. Mtu wa London akiwa kwao hauoni Msalaba wa Kusini maisha yake yote. Mtu wa Cape Town haoni Dubu Mkubwa akiwa mzima. Sisi, usiku mmoja wa mwezi Mei, simama ukigeukia kusini utauona Msalaba, geuka kaskazini Dubu yuko pale, kwa wakati mmoja. Tumepewa vyote viwili na hatuna habari.

Hatuna jengo lenye kuba hapa Same, wala darubini ya mamilioni. Tuna uwanja wa mpira. Jumapili ya Tokeo la Bwana, tarehe 5 Januari 2025, mwenzangu anayefundisha fizikia alileta darubini yake ndogo ya miguu mitatu, kioo chake upana wa sentimita 7 hivi. Tulikuwa tumewaambia vijana: mmesikia asubuhi Injili ya Mamajusi walioifuata nyota, sasa jioni njooni mzione. Walikuja kama thelathini, pamoja na akina mama waliokuwa wakitoka jumuiyani wakaona foleni, na foleni ni foleni, wakajiunga.

Mwezi ulikuwa karibu nusu. Watu wengi hudhani mwezi mpevu ndio mzuri kutazama kwa darubini, kumbe ule wa nusu ndio wenyewe. Pale mwanga unapokutana na giza, milima na mashimo ya mwezini hutupa vivuli virefu, unaona kabisa kwamba ile ni nchi, ina mabonde na vilima. Mama mmoja alitazama, akarudi nyuma, akaenda kuchungulia mbele ya darubini kama kuna picha imebandikwa. Hakuna. Akarudi kwenye foleni mwishoni, kimya kimya, apate zamu ya pili.

Magharibi Zuhura ilikuwa inawaka kama taa ya pikipiki, na kwenye darubini ikaonekana imekatika nusu, kama mwezi mdogo. Juu yetu Mshtarii, na pembeni yake vinukta vimepangana kama shanga. Ni miezi yake. Galileo alianza kuviona Januari 1610, na vilimwambia jambo zito: si kila kitu kinaizunguka dunia yetu. Si mbali na Mshtarii kulikuwa na Kilimia. Kwa macho matupu wengi walihesabu sita, mmoja mwenye macho makali akadai saba. Kwenye darubini zikamwagika kadhaa wa kadhaa, wengine wakaacha kuhesabu.

Hapo ndipo kijana mmoja wa bodaboda akanivuta pembeni. Jina lake naliacha, ila ameniruhusu niandike.

"Dada, sasa yangu ni ipi?"

"Ipi nini?"

"Nyota yangu. Yule mtaalamu alisema imefunikwa. Nilitaka nijue ni ipi, nione kama kweli."

Wala hakuwa anatania. Alimaliza kidato cha nne, akakosa pa kwenda, akapewa pikipiki ya mtu kwa hesabu ya kila siku. Miezi sita mambo hayaendi: wateja wachache, mafuta juu, hesabu haifiki. Akapiga namba ya kwenye nguzo. Akaambiwa nyota yake imeibiwa na mwanamke wa upande wa baba, anayejifanya anampenda. Shilingi 80,000 alizitoa kwenye hesabu ya tajiri wake, akabaki na deni. Na mwanamke wa upande wa baba anayempenda ni mmoja tu, shangazi yake wa Mbaga aliyemlea tangu akiwa darasa la pili. Krismasi, wakati Wapare wote wanapanda milimani kwao, yeye alibaki stendi. Shangazi akipiga simu, hapokei.

Hizo 80,000 ni hasara, lakini pesa hutafutwa. Kinachoniumiza ni shangazi. Biashara ya kusafisha nyota haiuzi bahati. Inakuuzia adui, na adui huyo hatoki mbali, kwa sababu jina la mtu wa mbali usingeliamini. Ni lazima awe anayekupikia. Ndiyo maana nasema hili si jambo la ushamba wa kuchekwa. Nyumba zinavunjika, wazee wananyooshewa vidole, na wewe unabaki peke yako na maskini zaidi ya ulivyokuwa.

Nilimrudisha kwenye darubini. Mwalimu mwenzangu, ambaye hakuwa amesikia mazungumzo yetu, alikuwa anawaeleza watu kwamba hizo za Kilimia zinazong'aa sana, kila moja ni jua, tena kubwa na lenye moto kuliko hili letu, na kwamba mwanga unaoingia jichoni mwao usiku ule ulianza safari miaka kama 440 iliyopita. Yaani ulitoka kule karne ya 16, ukaja moja kwa moja bila kusimama, ukaishia kwenye jicho la kijana wa bodaboda uwanjani Same. Yule kijana alitazama muda mrefu hadi nyuma wakaanza kunung'unika. Alipoinuka aliniuliza swali moja tu: "Sasa mtu akiiba kile kitu, anakiweka wapi?"

Tulicheka. Lakini nilimwona amebaki anafikiri.

Wapendwa, lugha yetu yenyewe inatuchanganya hapa. Neno "unajimu" limebeba mizigo miwili: kuzichunguza nyota zilivyo, na kupiga ramli kwa nyota. Kanisa halijawahi kukataza la kwanza. La pili limekatazwa waziwazi, soma Katekisimu namba 2116: kutabiri kwa nyota na kwenda kwa wabashiri kunaficha tamaa ya kumiliki wakati na watu wengine, na kunapingana na heshima tunayopaswa kumpa Mungu peke yake. Nabii Isaya, sura ya 47, anawadhihaki kabisa watazama-nyota wa Babeli, kwamba wajaribu basi kujiokoa wao wenyewe kwanza. Nami nauliza hivyo hivyo: mtaalamu mwenye uwezo wa kung'arisha nyota za watu, kwa nini anabandika matangazo usiku kwenye nguzo, kwa gundi ya unga?

Kuna Mwafrika mwenzetu aliyepita njia hii kabla yetu. Mtakatifu Augustino, mzaliwa wa Thagaste, leo ni Algeria, alikuwa msomi na bado aliwaamini wapiga ramli wa nyota kwa miaka. Alionywa, hakusikia. Kilichomgeuza, anasimulia katika kitabu cha saba cha Maungamo yake, ni kisa alichopewa na rafiki yake Firminus. Baba yake Firminus alikuwa na rafiki, wote wawili wamelewa hizo habari za nyota. Ikatokea mke wa mmoja na mjakazi wa mwenzake wana mimba kwa wakati mmoja. Wakahesabu kila kitu, na siku ya kujifungua kila mmoja akatuma mtu kwenda kumpa mwenzake habari. Wajumbe wakakutana katikati ya njia. Watoto walizaliwa dakika ileile, anga ileile, nyota zilezile. Mmoja akawa Firminus, tajiri, msomi, mwenye heshima mjini. Wa pili akabaki mtumwa. Augustino akaona: kama nyota ni moja na maisha ni mawili, basi si nyota iliyoamua. Kilichoamua kuhusu yule mtoto ni minyororo, na minyororo ilifungwa na watu.

Kisa hiki nakipenda kwa sababu kinatuonyesha mahali sahihi pa kuangalia. Kijana wetu hakukwama kwa sababu ya anga. Alikwama kwa sababu ya bei ya mafuta, mkataba mbaya wa pikipiki, na shule iliyomfikisha nusu ya njia. Hayo yana majina na yana watu wa kuulizwa. Ukimwambia nyota imefunikwa, umewaachia wote hao waende zao, umemkamata shangazi.

Na wale mnaosema "mimi siendi kwa mganga, nasoma tu utabiri wa nyota gazetini kwa kujifurahisha," ngoja niwaharibie kidogo furaha. Aliyezaliwa tarehe 5 Agosti gazeti humwita Simba. Mhesabu wa anga atakuambia siku hiyo jua haliko kwenye Simba kabisa, liko kwenye Kaa. Dunia inayumba taratibu kama pia inayozunguka, yumbo moja huchukua miaka kama 26,000, na tangu hizo nyota za kuzaliwa zipangwe zaidi ya miaka 2,000 iliyopita, kila kitu kimesogea karibu nyumba nzima. Wanaouza utabiri hawajainua macho kuangalia. Kuna hata kundi la kumi na tatu ambalo jua hulipitia kati ya mwisho wa Novemba na katikati ya Desemba, Mshika Nyoka, na gazetini hutalikuta.

Sasa niwajibu wazee wangu. Baada ya ule usiku mzee mmoja wa parokia, mtu ninayemheshimu, aliniita. "Mwanangu, watoto hawa hawana kazi. Wengine hawajala. Wewe unawapeleka uwanjani kutazama nyota. Nyota zitawasaidia nini? Wafundishe kushona, wafundishe kufuga kuku." Ni swali la haki. Kuku tunafuga, kushona tunafundisha, lakini swali lake halikuisha kwa kumjibu hivyo.

Yupo mtu aliyejiuliza swali hilohilo kabla yetu, na jibu lake alilipatia jirani zetu hapa. Guy Consolmagno alikuwa mwanasayansi kijana wa Marekani, amesoma na kufanya utafiti katika vyuo vikubwa, MIT na Harvard. Anafika umri wa miaka kama 30, usiku halali: ninachunguza miezi ya sayari za mbali wakati watu wanakufa njaa, kwa faida gani? Akaacha yote, mwaka 1983 akajiunga na Peace Corps, wale wafanyakazi wa kujitolea wa Kimarekani, akawaambia mnipeleke popote penye shida. Wakampeleka Kenya.  Akapewa kufundisha fizikia na elimu ya nyota. Mwisho wa juma alikuwa anapanda gari kwenda vijijini kuwatembelea wenzake, na darubini ndogo mkononi. Kila alipoisimamisha, kijiji kizima kilijipanga. Walipoona mashimo ya mwezi na pete za Zohali walishangaa vilevile kama watu wa kwao Michigan walivyoshangaa.

Hapo akaelewa. Watu wale walikuwa na njaa ya chakula, ndiyo, lakini walikuwa na njaa nyingine pia, ya kujua wako wapi na nani aliyeyafanya haya yote. Kumwambia maskini "wewe kula tu, hayo mengine si yako" ni kumhesabu kama mfugo. Mbuzi wa Same wanalala nje kila usiku chini ya anga hii, sijawahi kuona hata mmoja ameinua kichwa kuitazama. Consolmagno alirudi kwao mwaka 1985, baadaye akawa bruda Mjesuiti, na mwaka 2015 Papa Fransisko akamteua kuongoza kituo cha kutazamia nyota cha Vatikano. Mzee wangu aliponisikiliza mpaka hapo alisema tu, "Haya. Lakini kuku msiwaache."

Ndiyo, Vatikano ina kituo cha nyota. Wengi wenu hamkujua, nimewaona nyuso zenu nikisema hivyo kwenye semina. Papa Leo wa 13 alikianzisha upya mwaka 1891, na taa za Roma zilipozidi kikahamishiwa Castel Gandolfo miaka ya 1930. Papa wetu Leo wa 14 alikitembelea tarehe 20 Julai 2025, siku ya kumbukumbu ya binadamu kutua mwezini. Aliyependekeza kwamba ulimwengu ulianza kutoka kitu kidogo mno ukatanuka ni padre Mbelgiji, Georges Lemaître. Na kwa kuwa najua mtauliza: ndiyo, Kanisa lilimhukumu Galileo mwaka 1633, lilikosea, na Papa Yohane Paulo wa Pili alilikiri hilo waziwazi mwaka 1992. Msione aibu kulisema. Anayewaambia kwamba imani na darubini haviwezi kukaa chumba kimoja hajui historia yote, kajua ukurasa mmoja tu.

Lakini nisije nikawapotezea hapo kwenye majina makubwa. Nataka ufungue Zaburi ya 147 usome aya ya tatu na ya nne kwa pamoja, usiruke. Aya ya nne inasema Mungu anaijua hesabu ya nyota na kila moja ameipa jina. Wengi tunaijua hiyo. Ya tatu, iliyo mbele yake palepale, inasema yeye ndiye anayewaponya waliopondeka moyo na kuwafunga vidonda vyao. Mzaburi haweki hata pumzi katikati. Mkono uliozipanga zile za Kilimia ndio mkono unaofunga kitambaa kwenye jeraha. Sisi wenyewe kwa macho tunaona labda nyota elfu mbili au tatu kwa usiku mmoja mzuri; katika kundi letu la Njia Nyeupe peke yake zipo zaidi ya bilioni 100; na Mwenye kuzitaja zote kwa jina hajashindwa kumfikia kijana anayedaiwa hesabu.

Na soma Baruku 3:34, kitabu ambacho wenzetu Waprotestanti hawanacho, kwa hiyo tusikiache kikusanye vumbi. Nyota zinaitwa, nazo zinaitika kwa furaha kwamba zipo, zikamwangazia aliyeziumba. Zinamwangazia yeye. Hazikupewa kazi ya kushika maisha yako. Hata ile ya Mamajusi, ukiangalia vizuri, haikuwaambia lolote kuhusu bahati yao wenyewe. Iliwapeleka nyumbani kwa mtoto maskini, wakatoa walichokuwa nacho, wakaondoka mikono mitupu kwa njia nyingine. Mganga gani anakuuzia nyota ya namna hiyo?

Yule kijana hakubadilika usiku ule, nisiwadanganye. Februari alinitumia ujumbe akiuliza Kilimia kimekwenda wapi mbona kimeanza kuinamia magharibi mapema, nikajua anatazama. Wiki ya Pasaka alipanda Mbaga. Shangazi alimfungulia mlango, akamtazama, akamuuliza kama amekula. Hilo tu. Hawajakaa sawa kabisa mpaka leo, kuna maneno aliwaambia watu stendi na yalimfikia mama yule, na maneno ya namna hiyo hayarudi. Deni la tajiri bado analilipa kidogo kidogo. Anasema akipita kwenye nguzo sasa anabandua karatasi. Nimemwambia aangalie asipigwe.

Kwa parokia nyingine zinazotuuliza mnaanzaje: msisubiri darubini. Macho yenu kwanza, siku ambayo mwezi hauonekani, mbali na taa, mkae dakika ishirini gizani bila kufungua simu ndipo macho yazoee. Ile darubini ya macho mawili ya kutazamia wanyama, mkiipata kwa kuazima kwa mtu wa hifadhi, inatosha kabisa kuiona miezi ya Mshtarii, mkiiegemeza mahali isitetemeke. Ulizeni walimu wenu wa fizikia. Tanzania tuna Dkt. Noorali Jiwaji wa Chuo Kikuu Huria, ambaye kwa miaka mingi amewaeleza Watanzania mambo ya anga. Wengine mtamkumbuka mwaka 2016, tarehe 1 Septemba, watu walipokusanyika Rujewa kule Mbarali kuona jua likibaki pete. Kenya yupo Susan Murabana na Travelling Telescope yake, anayepeleka darubini mashuleni. Kazi hii ina watu, hatuanzi na sifuri.

 Jumapili ya tarehe 7 Septemba 2025 ilikuwa siku ya aina yake. Saa 5 asubuhi kwa saa zetu, Roma, Papa aliwatangaza watakatifu vijana wawili, Carlo Acutis aliyefariki akiwa na miaka 15, na Pier Giorgio Frassati, aliyependa kupanda milima na kuwatembelea maskini wa Torino. Jioni yake, mwezi ulipatwa. Kupatwa kamili, kulikoonekana kwetu kote. Kivuli cha dunia kilianza kuung'ata saa 1:27 usiku, ukazama wote saa 2:30, ukabaki mwekundu kama shaba hadi saa 3:52, na saa 4:56 ulikuwa umekwisha kutoka. Macho hayadhuriki, huu si kama jua. Wekundu ule ni mwanga wa jua uliopenya pembeni mwa hewa ya dunia: kila machweo na kila mapambazuko yanayotokea duniani dakika ile, yote yameangukia mwezini kwa pamoja. Mtasikia watu wakisema ni ishara ya vita, au ya mtu kufa, na bila shaka kuna mtaalamu atatangaza dawa ya usiku kama huo. Waiteni waje watazame.

Zohali ilikuwa chini kidogo ya mwezi upande wa mashariki. Pete zake mwaka 2025 zilikuwa zimelala, zikionekana nyembamba kama uzi, darubini haikuwa mbovu. Tulipanga kukutana uwanjani saa moja kamili, mara baada ya rozari. Kila mtu aliambiwa aje na sweta au kanga ya pili, upepo wa hapa mnaujua. Mwenye tochi aliambiwa aifunge karatasi nyekundu. Akina mama wa jumuiya waliahidi chai, na tangawizi ilikuwa imeshashuka kutoka Mamba.